Nilivyopata cheti cha CF Marekani nikiwa na digrii ya misitu ya SUA

Wanamisitu wenzangu, hasa nyie mlioko nyumbani mnaofikiria kutoka, na nyie mlioshafika Marekani kwa green card mnapanga mizigo ghalani usiku huku digrii ya misitu imekaa kwenye begi, hii naiandika kwa ajili yenu. Mi nimeipita hiyo njia. Leo nina cheti cha Certified Forester, wenyewe wanafupisha CF, kinachotolewa na Jumuiya ya Wanamisitu wa Marekani, yaani SAF. Kuna vitu kama mtu angenikalisha chini akaniambia nikiwa bado Mufindi, ningeokoa hela nyingi sana na usingizi pia, kwa hiyo nitasema yote, gharama na machungu humo humo.

Kwanza tuweke sawa jambo moja maana kila nikiongea na watu wa nyumbani linachanganywa. Cheti ninachosema hapa sio FSC, kile cha Forest Stewardship Council. FSC ilianza 1993 na inathibitisha msitu na mbao, yaani kwamba msitu fulani unatunzwa vizuri na mbao zake zimetoka mahali panapojulikana, kama ule wa wanavijiji wa Kilwa waliopata cheti 2009 kupitia MCDI, shirika la uhifadhi la kule. CF inamthibitisha MTU. Inasema huyu bwana au huyu dada amesoma misitu, ameifanyia kazi, amepimwa, na amekubali kufuata maadili ya kazi. Mara nyingi mtu ananiuliza "kwa hiyo kampuni yako ina FSC?" wakati mi ninaongelea taaluma yangu mwenyewe.

Nilisoma BSc ya misitu SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, nikaajiriwa kwenye mashamba ya miti Mufindi. Kazi yangu ilikuwa ile mnayoijua, kusimamia vitalu, kupima kompatimenti, yaani vile vipande vya shamba la miti, kupanga upunguzaji wa miti, kupogoa, na msimu wa kiangazi kulala macho kwa sababu ya moto. Kisha bahati nasibu ya viza ikatuangukia, mimi na mke wangu tukahamia Georgia. Nilifika nikiamini kabisa kwamba mtu aliyesimamia maelfu ya hekta za paini hawezi kukosa kazi kwenye jimbo lililojaa paini kila upande wa barabara. Kazi nilipata, ila ya kupanda miche. Kule kusini wanapanda wakati wa baridi, kuanzia Desemba hivi, na wapandaji wengi ni vijana wa Mexico na Guatemala wanaokuja na viza ya msimu ya H-2B. Kazi ngumu lakini ya heshima, na wale vijana walinipokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Ila kila jioni nilikuwa nakaa kwenye gari najiuliza hivi mi ndo nimerudi kwenye panga na mfuko wa miche, baada ya miaka yote ile? Mke wangu alikuwa anafanya zamu za usiku kutunza wazee, tulikuwa tunapishana mlangoni asubuhi, anaingia natoka. Hicho kipindi kiliniuma sana na sitadanganya.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mshauri wa misitu aliyekuja kukagua upandaji wetu. Aliniona nahesabu miche kwenye ploti kwa utaratibu, akaniuliza nimejifunza wapi, nikamweleza. Baadaye akanichukua niwe teknishiani wake. Siku za mwanzo nikamwambia mi ni mwanamisitu, forester, akanisimamisha kwa upole kabisa. Akaniambia hapa Georgia hilo jina lina sheria. Unaweza kufanya kazi chini yangu, alisema, lakini huwezi kwenda kwa mwenye msitu ukajitangaza kuwa mwanamisitu ukamuuzia ushauri mpaka bodi ya jimbo ikusajili.

Nilichukia kidogo, nikaona ni ukuta tu wa kuzuia wageni. Kilichonibadilisha mawazo ni historia yenyewe, na nawaomba msiiruke hii sehemu mkakimbilia masharti, kwa sababu ukijua masharti yalitoka wapi, makaratasi yote yanaanza kueleweka.

Taaluma ya misitu Marekani ni changa ukilinganisha na Ujerumani au Ufaransa. Gifford Pinchot, yule aliyekuja kuwa mkuu wa kwanza wa Idara ya Misitu ya serikali yao 1905, ilibidi aende kusoma Nancy, Ufaransa, maana kwao hakukuwa na shule. Shule za kwanza zilianza 1898, Cornell na ile ya Biltmore kule North Carolina, na Yale ikafuata 1900. Mwaka huo huo wa 1900, tarehe 30 Novemba, Pinchot na wenzake, jumla watu 7, wakaanzisha SAF. Wakati huo kila mtu alikuwa anajiita anavyotaka. Shule zikaanza kuota kila mahali, nyingine nzuri nyingine za hivyo hivyo, ndo ikabidi SAF ianze kuzikagua na kuzipa ithibati kuanzia 1935. Yaani kabla hawajampima mtu walianza kuipima shule.

Lakini shule nzuri haimlindi mkulima. Kusini mwa Marekani zaidi ya asilimia 80 ya misitu ni mali ya watu binafsi na makampuni, sio ya serikali. Kuna mjane ana ekari zake 60 za paini aliachiwa na mumewe, anauza miti pengine mara moja tu maishani mwake, na mnunuzi anayekuja kugonga mlango ananunua miti kila wiki. Nani ataumia hapo mnajua. Ukimpa huyo mama mtu wa kumpimia ambaye hajui kazi, au mbaya zaidi anayekula kote kote, urithi wa familia unaondoka kwa bei ya kutupa. Ndo maana Georgia ikatunga sheria ya usajili wa wanamisitu mwaka 1951, miongoni mwa majimbo ya mwanzo kabisa, Alabama ikafuata 1957. California walipitisha yao 1972, na mwaka uliofuata sheria yao ya uvunaji ikasema mpango wa kuvuna miti ya biashara kwenye ardhi ya watu binafsi lazima uandaliwe na mwanamisitu aliyesajiliwa.

Majimbo mengi lakini hayakufanya chochote, kwa hiyo SAF wenyewe 1994 wakaanzisha CF, cheti cha hiari kinachotambulika nchi nzima. Angalieni mwaka. Ni kipindi ambacho watu wa mijini walikuwa wamegombana vibaya na wanamisitu kuhusu yule bundi wa misitu mikongwe ya kaskazini magharibi aliyekuwa anatishiwa na ukataji wa miti, ndo FSC imetoka kuzaliwa, watu wanauliza kwa nini tuwaamini nyie? Taaluma ikajibu kwa kusema tutajipima wenyewe hadharani. Mwanzoni hakukuwa na mtihani, walikuwa wanaangalia elimu na uzoefu, mtihani ukaongezwa baadaye. Na hapa ndo watu wengi wanapotea: CF SIO LESENI. Jimbo lenye sheria yake bado lina bodi yake na masharti yake, na CF haikuruhusu kuruka bodi. Jimbo lisilo na sheria, CF ndo kitu kikubwa zaidi unachoweza kuonyesha. Kabla hujalipa hata senti angalia jimbo unaloishi liko kundi gani, maana kuna watu wamelipia cheti wakidhani wamemaliza, kumbe safari ya bodi haijaanza.

Masharti ya CF kwa kifupi ni digrii ya misitu kutoka chuo chenye ithibati ya SAF au inayolingana nayo, miaka 5 ya uzoefu wa kitaaluma, kufaulu mtihani, na kusaini maadili. Hilo neno "inayolingana" ndo lilinikalia miezi na miezi.

Vyuo vyetu havina ithibati ya SAF, kwa hiyo ni wewe unayetakiwa kuonyesha kwamba ulichosoma kinalingana. Nilianza na kampuni ya kutathmini vyeti vya nje, nikalipa kama dola mia mbili na ushee, nikasubiri, ikarudi barua inasema nina "shahada ya sayansi, kilimo". Kilimo! Kwa sababu tu jina la chuo lina neno kilimo na mtathmini hakwenda zaidi ya hapo. Nilikaa na ile barua mezani nikahisi kama mtu amefuta miaka yangu kwa kalamu. Nikaandika kupinga, wakataka nilipie upya tathmini ya kozi kwa kozi, nikalipa, hela ambayo tulikuwa tumeiweka kwa ajili ya matairi ya gari. Ya pili ikatoka sahihi. Kwa hiyo wewe usianze na ile tathmini ya bei rahisi ya jumla. Omba ya kozi kwa kozi moja kwa moja, na uambatanishe ukurasa unaoonyesha jina kamili la programu yako na idara iliyokufundisha.

Hata hivyo hiyo tathmini peke yake haitoshi. SAF wanagawa masomo ya mwanamisitu kwenye maeneo manne: ikolojia na baiolojia ya misitu, upimaji wa rasilimali za misitu, usimamizi wake, na sera pamoja na uchumi na utawala. Nilichora jedwali, upande mmoja maeneo yao manne, upande mwingine kozi zangu zote na chini ya kila kozi maelezo ya tulichofundishwa. Hayo maelezo ndo kitu cha thamani kuliko transkripti. Mtu wa Marekani akisoma "FO 200 na kitu" hajui maana yake, lakini akisoma kwamba mlienda Olmotonyi mafunzoni mkapima miti, mkakata sampuli, mkakokotoa ujazo kwa jedwali la spishi fulani, anakuelewa papo hapo. Na lazima iwe prospektasi, yaani kile kitabu cha chuo chenye maelezo ya kozi, ya miaka uliyosoma WEWE, maana mitaala inabadilika. Mwalimu wangu mmoja, Mungu ambariki, aliingia maktaba akanitafutia ile ya zamani akaiskani ukurasa kwa ukurasa akanitumia kwa WhatsApp. Sikuwa na namna ya kumlipa wema ule.

Kwa hiyo wewe uliyeko nyumbani unayesoma hii, wiki hii hii nenda kachukue prospektasi yako yote, iskani, jitumie kwenye imeili. Usiseme utafanya ukipata viza. Ukishapata viza hutakuwa na muda, na ukishafika huku utakuwa unaomba fadhila kwa simu saa nane za usiku.

Uzoefu ulikuwa na mambo yake. Kitu wanachotafuta ni uzoefu wa kitaaluma, yaani maamuzi. Kupanda miche hakuhesabiki hata ungepanda milioni. Kuendesha chensoo hakuhesabiki. Kinachohesabika ni wewe kuandaa mpango wa kuvuna, wewe kuchagua ni kompatimenti ipi ipunguzwe na kwa kiasi gani, wewe kuwasimamia watu na kujibu matokeo. Nyumbani nilikuwa nafanya hayo yote, ila barua yangu ya kazi ilikuwa ile ya kwetu ya siku zote, "huyu ndugu alikuwa mfanyakazi mwadilifu, mtiifu na mwenye ushirikiano, tunamtakia kila la heri". Barua nzuri kwa heshima, lakini kwa huku haina kitu. Aliyekuwa bosi wangu alishastaafu, yuko kijijini kwake Iringa, mtandao wa kubahatisha. Nilimpigia, "Shikamoo mzee", tukaulizana hali za watoto na mvua, nikamweleza shida. Akaniambia kijana wangu niandikie unachotaka niseme nitakisoma, kikiwa kweli nitasaini, kisipokuwa kweli sitasaini. Nilimheshimu sana kwa hilo. Tukaandika pamoja kipindi baada ya kipindi: kuanzia mwaka huu mpaka huu alisimamia hekta kadhaa za paini aina ya Pinus patula, aliandaa yeye mpango wa upunguzaji wa kwanza, alisimamia wapimaji kadhaa, aliongoza uzimaji wa moto na matengenezo ya njia za kuzuia moto. Akasaini, mjukuu wake akapiga picha nzuri juani, ikapokelewa.

Ukiwa kazini sasa hivi, anza daftari. Kila mwisho wa mwezi andika umeamua nini, eneo gani, ukubwa gani, msimamizi wako nani, na muombe asaini kila mwaka wakati bado yupo ofisini. Mabosi wanahamishwa, wanastaafu, wengine wanatangulia mbele za haki, na ushahidi wako unaondoka nao.

Sasa mtihani. Ni wa kuchagua majibu, unafanyika kwenye kompyuta kwenye kituo cha mitihani. Misitu yenyewe ni ile ile tuliyofundishwa Morogoro, na nataka mniamini hapo, msije mkadhani elimu yetu ni ndogo. Faustmann, yule Mjerumani wa 1849, na hesabu yake ya thamani ya ardhi ya msitu ni yule yule. Kinachokuangusha ni vipimo na sheria.

Vipimo kwanza. Sisi tunapima kipenyo cha mti kwenye mita 1.3 kutoka ardhini, wao ni futi 4.5, karibu mita 1.37. Sisi hekta, wao ekari. Basal eria, yaani jumla ya eneo la mashina yote kama ungeyakata kwenye urefu huo wa kupimia, yetu ni mita za mraba kwa hekta, yao ni futi za mraba kwa ekari, na kubadilisha unazidisha kwa 4.356, kwa hiyo msitu wetu wa 30 kwao unasomeka karibu 131. Ukiona namba kwenye swali na kichwa chako bado kiko Mufindi utasema msitu umebanana kupita kiasi kumbe ni wa kawaida kabisa. Jamaa yangu mmoja Mkenya, amesoma Chuo Kikuu cha Moi, kichwa kizuri sana, alikwama hapo hapo. Alikuwa anabadilisha kila namba iende mita halafu aijibu halafu airudishe futi, muda ukamwishia. Namna iliyonisaidia mimi ni kuacha kabisa kubadilisha. Kwa kipindi kirefu kazini nilikuwa nafikiria kwa futi tu, mzee wangu ananiuliza huu msitu una ngapi, nakisia kwa macho, halafu tunapima na prizmu. Prizmu ni kile kijioo cha pembe, unasimama sehemu moja unazunguka, unaangalia kila shina kupitia kijioo, kipande unachokiona ndani kikiwa bado kimegusana na shina lenyewe unahesabu, kikiwa kimeachana nalo kabisa unaacha. Kwa kijioo cha namba 10, kila mti uliouhesabu ni futi za mraba 10 kwa ekari. Miti 9 ni 90. Ndani ya dakika mbili umejua hali ya msitu. Mpaka jicho langu likazoea.

Halafu kuna kanuni za kupima gogo, na hii nataka mwenye kiwanda na mwenye shamba pia wasome. Chukua gogo la inchi 12 upande mwembamba, urefu futi 16. Kwa kanuni ya Doyle lina bodi futi 64, na bodi futi ni kipimo chao cha mbao, ubao wa futi moja kwa futi moja wenye unene wa inchi moja. Kwa Scribner linakaribia 80. Kwa International linafika 95. Gogo ni lile lile jamani! Doyle inayanyima magogo membamba, kwa sababu inatoa inchi 4 kwenye kipenyo kabla ya kuanza hesabu, na kwenye gogo dogo hizo inchi 4 ni nyingi mno. Kwa hiyo mama mwenye ekari 60 akiambiwa bei nzuri kwa kila bodi futi elfu moja bila kuambiwa ni kanuni gani, hajaambiwa kitu. Siku niliyolielewa hili ndo nikaelewa kwa nini jimbo lilitunga sheria, chuki yangu kwa ile bodi ikaisha hapo hapo.

Sheria zenyewe ni za kukaririwa na kueleweka. Ile ya 1973 ya viumbe walio hatarini, ya maji safi ya 1972, ya usimamizi wa misitu ya taifa ya 1976. Usizisome kama orodha, zisome pamoja na mti. Kwa mfano kule kusini kuna kigong'ota mmoja anayetoboa shimo lake kwenye paini hai na kongwe, hasa aina ya paini inayoitwa longleaf, na akiwepo msituni mwako mipango yako ya kuvuna inabadilika. Ukishaenda ukaona miti yenye utomvu mweupe umetiririka chini ya shimo la yule ndege, ile sheria huisahau tena. Spishi nazo ujifunze kwa macho, sio kwa kitabu peke yake. Nilikuwa natembea na mwanangu Jumapili bustanini tunaokota majani na mbegu, tunataja majina, yeye akawa ananishinda.

Maadili pia yanaulizwa, na maswali yake sio mepesi kama unavyodhani. Kubwa ni mgongano wa maslahi. Umeajiriwa na mwenye msitu umuuzie miti, na mnunuzi anakupa "asante" pembeni. Kwa kweli kwetu hilo tumelizoea mpaka tunaliona kama sehemu ya biashara, dalali anakula huku na huku. Kwa CF ukishikwa wanakunyang'anya cheti.

Siku ya matokeo nilikuwa kwenye lori la mzee njiani kwenda kupima. Nikasoma imeili, nikanyamaza, nikampa simu asome. Akasimamisha gari pembeni akanishika mkono, akaniita forester kwa mara ya kwanza. Nililia, siwezi kuficha.

Gharama zote ukizijumlisha, tathmini mbili, maombi, mtihani, vitabu, kusafirisha nyaraka, siku ambazo sikuingia kazini, zilipita dola elfu moja. Tuligawanya kidogo kidogo. Usikope kwa ajili ya hili, halina haraka hiyo. Mshahara wangu ulipanda baada ya cheti, ila sio siku ile ile, na usitegemee iwe siku ile ile. Kilichobadilika haraka ni jinsi watu wanavyonisikiliza nikiwa msituni.

Na haiishi hapo. Kila miaka 3 unatakiwa uwe na saa 60 za mafunzo endelevu, na ada unalipa. Usisubiri mwaka wa tatu. Semina za ugani za vyuo vikuu mara nyingi ni za bei nafuu, na siku za mafunzo ya uchomaji wa kupangwa utapata saa na utajifunza kitu ambacho sisi nyumbani tunakiogopa, kwamba moto ukiwashwa kwa wakati wake na watu wanaojua unaulinda msitu wa paini.

Mlioko Canada, kwenu ni tofauti kwa sababu majimbo mengi yana sheria zake na ni lazima, Quebec tangu 1921, British Columbia tangu 1947. Mgeni anapitia jopo linalokagua jalada la kozi na uzoefu wake, kwa hiyo ile kazi ya jedwali na prospektasi inawahusu zaidi kuliko mimi. Mlioko Uingereza kuna Institute of Chartered Foresters, chama cha tangu 1925 kilichopewa hati ya kifalme 1982. Taratibu zao sijazipitia mwenyewe kwa hiyo sitajifanya kuwafundisha.

Kitu kimoja cha nyumbani halafu niishie. Baba yangu mdogo ana paini zake Njombe, na hivi karibuni alipata dalali aliyetembea shambani kwa miguu, akaangalia juu juu, akataja bei ya shamba zima. Baba mdogo akanipigia anataka kukubali, ada za shule zilikuwa zinamsukuma. Nikamwomba asubiri siku chache. Kwa simu ya video tukachukua kamba ya mita 5.64, kijana mmoja akasimama katikati ameshika mwisho mmoja, mwingine akazunguka, hiyo duara ni mita za mraba 100. Wakapima kila mti uliomo ndani kwenye urefu wa mita 1.3, nikawaambia warudie sehemu mbalimbali za shamba, za bondeni na za mlimani, wasichague sehemu nzuri tu. Wastani wa duara moja ukiuzidisha kwa 100 unapata hekta. Nikapiga hesabu ya ujazo nikamtumia. Yule dalali alikuwa ametaja bei iliyo chini sana ya nusu ya thamani ya miti iliyopo. Baba mdogo akamwambia kwa heshima tu kwamba sasa tuongee kwa mita ya ujazo, dalali akaondoka, akaja mwingine wakaelewana kuvuna sehemu tu, iliyobaki imeachwa ikue.

Wahandisi wetu wana bodi yao, wahasibu wana NBAA tangu 1972, na mtu akijifanya mhasibu tunajua pa kumpeleka. Mkulima wa miti wa Njombe na Mufindi naye anastahili ulinzi wa namna hiyo, na nasema hivi nikiwa nimeona kwa macho yangu pande zote mbili.

Mimi kwa sasa niko kwenye maombi ya bodi ya jimbo. Wamepokea jalada, wameomba transkripti itoke chuoni moja kwa moja kwa bahasha iliyofungwa, nimeshaagiza. Mwenye kutaka kuona ile barua ya uzoefu tuliyoandika na mzee wangu, na lile jedwali la kozi, aniambie, nitafuta majina na kumtumia.